Paulo Hakumtukana Artemi: Somo Kuhusu Wicca na Matawi Yake

Soma kwanza: Matendo ya Mitume 19:8-41, Kutoka 20:16, Kumbukumbu la Torati 18:9-14

Somo la wiki hii lilianza na simu niliyopigiwa, na lazima niwaeleze hiyo simu kwanza ndiyo muelewe kwa nini naandika.

Mwaka jana, mwezi wa kumi, nilihubiri katika ibada ya pili juu ya giza la siku za mwisho. Katikati ya mahubiri nikataja Wicca. Nikasema ni watu wa Ulaya na Marekani wanaomwabudu Shetani, kwamba wana makao yao makuu mahali fulani, na kwamba kila tarehe 31 Oktoba wanatoa watoto kafara. Kanisa likasema amina, amina kubwa, na mimi nikafurahia ile amina nikaendelea.

Mama mmoja wetu alikuwa ameketi safu ya tatu. Binti yake ni muuguzi huko Uingereza, na wakati ule alikuwa anakaa nyumba moja na mwanamke Mwingereza wanayefanya kazi naye wodi moja. Yule mwanamke ni Mwicca. Mama alilijua hilo neno kwa sababu binti alikuwa amelitaja kwa simu, akaliacha hivyo tu. Sasa alipolisikia madhabahuni, jioni hiyohiyo akampigia binti yake: toka kwa hiyo nyumba kabla ya Ijumaa. Binti akatoka, kwa heshima ya mama. Akapoteza pesa alizokuwa ameweka kama dhamana ya nyumba, akalala kwa rafiki karibu mwezi mzima. Halafu akanipigia mimi.

"Pasta, sikupigii kwa ubaya," akaniambia. "Nataka tu kujua, yale maneno ya watoto uliyasoma wapi?"

Sikuwa nimeyasoma popote. Nilikuwa nimeona video kwa simu, Jumamosi usiku, nikiandaa mahubiri nimechelewa.

Akanyamaza kidogo, kisha akasema: "Usiku ule baba alifariki, ni yeye alikaa na mimi mpaka asubuhi. Ni yeye alinipeleka uwanja wa ndege. Sasa kama hilo uliongea bila kujua, haya mengine unayotufundisha, hayo unayajua?"

Wapendwa, chuoni nilisoma biashara. Kitu cha kwanza unafundishwa ni kwamba hesabu ambazo hazijakaguliwa huzipeleki mbele ya wenye hisa. Ukizipeleka, na zikipatikana ni za kubuni, hakuna mtu atakuuliza tena kama zile za mwaka jana zilikuwa sawa; zote zimeharibika. Mimi nilifanya hivyo na jina la Yesu. Nimemwomba mama msamaha, nimemwomba binti, na Mchungaji Kiongozi akanipa ukurasa huu nirekebishe palepale nilipoharibu, mbele ya watu walewale. Wote wawili wameniruhusu niwasimulie, bila majina.

Tangu hapo nimesoma. Nitawaambia nilichokipata, halafu turudi Efeso.

DINI CHANGA INAYOJIITA YA KALE

Tuanze na umri wake, maana hapo wengi hukosea, sisi na wao pia. Wicca ni dini ya karne ya 20. Ni changa hata kuliko Upentekoste wetu hapa Kenya. Miaka ya 1920, wakati wamishenari wa Kipentekoste walikuwa tayari Nyang'ori huko magharibi, hakuna mtu yeyote duniani aliyekuwa amejiita Mwicca kwa maana ya leo.

Mtu tunayeweza kumtaja kuwa mwanzilishi ni Mwingereza, Gerald Gardner, aliyezaliwa 1884. Sehemu kubwa ya maisha yake alifanya kazi Asia: kwanza Ceylon, ambayo leo tunaiita Sri Lanka, kisha Borneo, kisha Malaya ambako alikuwa afisa wa forodha. Alipenda sana visu. Mwaka 1936 alichapisha kitabu kuhusu keris, kisu cha Wamalaya. (Shikilia hilo la visu, litarudi.) Alipostaafu akarudi Uingereza, na akaja kusema kwamba mwaka 1939, karibu na msitu wa New Forest kusini mwa nchi, aliingizwa katika kikundi cha siri kilichokuwa kimehifadhi dini ya kale, ya kabla ya Ukristo kufika.

Hakuweza kusema hivyo wazi mara moja. Uingereza ilikuwa na sheria ya uchawi ya mwaka 1735, na ilifutwa 1951 tu. Miaka mitatu baadaye, 1954, Gardner akatoa kitabu kiitwacho Witchcraft Today. Dibaji yake iliandikwa na Margaret Murray, msomi wa mambo ya kale ya Misri, ambaye mwaka 1921 alikuwa amedai kwamba wale watu walioshtakiwa uchawi Ulaya karne zilizopita walikuwa kweli wafuasi wa dini moja ya zamani iliyojificha. Kwa hiyo hadithi ilikuwa tamu na ilikuwa na profesa nyuma yake.

Shida ni kwamba wanahistoria waliochunguza mafaili ya zile kesi hawakuipata hiyo dini. Nadharia ya Murray leo imeachwa. Na msomi Ronald Hutton, katika kitabu chake cha 1999, The Triumph of the Moon, alionyesha kwa subira kubwa kwamba ibada za Gardner zilishonwa kwa vipande vinavyojulikana: taratibu za Wamasoni, maandishi ya Aleister Crowley ambaye Gardner alikutana naye 1947, desturi za vijijini, na mashairi. Lenyewe neno Wicca ni Kiingereza cha kale, lilimaanisha mchawi mwanamume. Wawicca wengi waliosoma wanakubali haya yote bila kukasirika. Wanasema, sawa, dini yetu ni mpya, lakini inatusaidia.

Nataka nikae kidogo kwa mtu anayeitwa Doreen Valiente, kwa sababu kwake nimejifunza zaidi kuliko kwa Gardner. Aliingizwa na Gardner mwaka 1953. Alipoona maneno ya ibada akatambua mara moja mengine yametoka kwa Crowley, akamwambia Gardner hivyo usoni. Gardner akamjibu, kama unaweza kuandika bora, andika. Akaandika. Sehemu kubwa ya maneno mazuri ambayo Wawicca wanatumia mpaka leo ni kazi ya mkono wa huyu mama. Halafu kukaja ugomvi. Gardner alipenda sana magazeti, na wengine wakaogopa watapoteza kazi na nyumba. Walipotaka kanuni ya kumzuia, Gardner akasema hakuna haja, kanuni zipo tayari, za kale. Akazitoa. Ndani yake, kati ya mambo mengine, ilisemwa kwamba kuhani mwanamke akizeeka anapaswa kumpisha aliye kijana. Valiente akauliza: kama kanuni hizi ni za kale, mbona hatujawahi kuziona mpaka leo tumekosana? Akaondoka na wenzake, 1957.

Sasa nyinyi mnaocheka, mngoje. Ni mara ngapi katiba ya kanisa imetoka kwa mfuko wa koti la mtu siku ya mkutano wenye ugomvi?

MATAWI

Jambo la pili nililokosea ni lile la makao makuu. Hakuna. Wicca haina askofu mkuu, haina ofisi, haina baraza linalosema hiki ni sahihi na hiki si sahihi. Ukisema "Wawicca wanaamini hivi," ni kama mtu wa nje kusema "Wapentekoste wanafanya hivi" baada ya kutembelea kanisa moja tu mtaani kwetu, na pale mtaani tuko watatu kwa barabara moja, posho mill katikati, na hatuendi kwa harusi za wenzetu.

Tawi la kwanza ni lile la Gardner mwenyewe. Mtu aliyesoma biashara akiliangalia anaona kitu kama leseni: huwezi kujifungulia tawi. Lazima uingizwe na mtu aliyeingizwa na mtu mwingine, na huo mnyororo urudi nyuma mpaka kwa Gardner. Kuna madaraja matatu. Wanakutana katika kikundi kidogo kinachoitwa kaveni, kinaongozwa na kuhani mwanamke pamoja na kuhani mwanamume, na yale ya ndani wanaapa kuyaweka siri. Wanachora duara, wanaita pande nne za dunia, wana kikombe, mishumaa, na kisu cha mpini mweusi. Hicho kisu si cha kuchinja. Kinatumika kuchora duara hewani na kubariki divai. Wengi wa tawi hili huabudu wakiwa uchi. Hilo nalo lina historia yake, kwa kuwa Gardner alikuwa mwanachama wa klabu ya watu wa kukaa uchi, na kaveni yake ya Bricket Wood, kaskazini ya London, ilikutania katika uwanja wa klabu hiyo. Mtoto hufanana na mzazi.

La pili ni la Alex Sanders na mkewe Maxine, miaka ya 1960, kwanza Manchester kisha London. Wafuasi wao wanaitwa Waalexandria. Sanders alisema nyanya yake alimwingiza akiwa mtoto mdogo. Kwa kweli alikuwa ameingizwa na watu wa tawi la Gardner, na ibada zake zilifanana na zao sana. Alipenda kamera kuliko Gardner mwenyewe, na alikubali kuitwa mfalme wa wachawi, jambo lililowaudhi wengine wengi. Kwa muda mrefu matawi haya mawili yalidharauliana, mmoja akisema mwenzake ni bandia. Leo yanaelewana kiasi, na kuna vikundi vyenye damu ya pande zote mbili. Yule mwanamke wa wodi ni wa tawi hili. Binti yetu aliponiuliza tofauti yao na wale wengine ni nini, ilibidi nisome wiki mbili ndiyo nimjibu.

Marekani ndiko mambo yalikopanuka. Mwingereza Raymond Buckland, aliyehamia huko, aliingizwa Scotland 1963 na watu wa Gardner, akapeleka dini hiyo Long Island, karibu na New York. Miaka kumi baadaye alichoka na mnyororo wa leseni. Mwaka 1973 akaanzisha tawi lake, Seax-Wica, lenye kutumia majina ya miungu ya Wasaksoni, na akasema waziwazi kwamba ameliunda yeye. Hakudai nyanya, hakudai msitu. Viongozi wanachaguliwa kwa kura, na mtu anaweza kujiingiza mwenyewe. Sikubaliani na dini yake, lakini nasema kama mtu wa hesabu: huyo alifungua vitabu.

Tawi linalohusu andiko letu moja kwa moja ni la Diana. Zsuzsanna Budapest alizaliwa Hungaria 1940, akakimbia baada ya maasi ya 1956 kuzimwa na Warusi. Mwaka 1971, huko Los Angeles, alianzisha kaveni ya wanawake peke yao na kuipa jina la Susan B. Anthony, Mmarekani aliyepigania wanawake wapate kura. Hakuna kuhani mwanamume, hakuna mungu wa kiume. Ni mungu wa kike tu. Mwaka 1975 alikamatwa kwa kumpigia ramli mteja ambaye kumbe alikuwa askari wa kike asiyevaa sare. Tawi hili lilizaliwa kwa hasira ya wanawake walioona kwamba makanisani mwao wanapikia wageni, wanafagia, wanatoa sadaka, halafu kwa mambo ya maana hawaulizwi. Hapo sitasema zaidi. Akina mama wanaosoma ukurasa huu wanajua.

Huko San Francisco kukatokea Reclaiming, ambayo uso wake unaojulikana ni mwandishi Starhawk. Kitabu chake The Spiral Dance kilitoka 1979. Hawa wamechanganya ibada na siasa: kupinga mitambo ya nyuklia, kutetea misitu na mito, kuketi barabarani mpaka wakamatwe. Maamuzi yao ni ya kukubaliana wote.

Halafu kuna wale wasio na kikundi kabisa. Mwaka 1988 Scott Cunningham alitoa kitabu cha kumfundisha mtu kuwa Mwicca peke yake, chumbani kwake, bila kuingizwa na yeyote. Wenye leseni walilalamika sana, kama vile wenye maduka wanavyolalamikia wachuuzi. Lakini soko likaamua, na leo wengi wa wanaojiita Wawicca ni wa namna hii. Na hapa ndipo vijana wetu wanaguswa, kwa sababu kile kinachofika kwa simu ya kijana akiwa Kasarani au Kisumu si tawi la Gardner. Ni vipande: mawe ya rangi, karata za ramli, mishumaa ya mwezi mpevu, bila jina na bila mwalimu. Mzazi akitafuta kaveni hataiona. Ataona kioo cha simu.

Ni wengi kiasi gani? Katika sensa ya 2021 ya England na Wales, watu kama 13,000 waliandika dini yao ni Wicca, na kama 74,000 wakajiita wapagani tu, ambao baadhi yao wanafanana nao. Marekani, mahakama ya rufaa ilikubali 1986 kwamba Wicca ni dini mbele ya sheria, na tangu 2007 serikali inaruhusu nyota yao ya pembe tano ichorwe kwenye jiwe la kaburi la mwanajeshi.

Na Shetani? Wengi wao hawaamini hata kama yuko. Wanasema huyo ni wa Biblia, ni wenu. Wanaabudu mungu wa kike, ambaye kwa wengi ni mwezi na ardhi, na mungu wa kiume mwenye pembe kama paa dume. Hizo pembe ndizo zimetuchanganya. Kanisa la Shetani ni kitu kingine, lilianzishwa San Francisco 1966 na Anton LaVey, na yeye aliwacheka Wawicca. Tarehe 31 Oktoba ni moja ya sikukuu zao nane za mwaka. Hiyo ni ya kukumbuka waliokufa. Huweka mahali pa marehemu, wanataja majina yao, wanakula. Kuhusu kudhuru watu, wengi wanafundisha kwamba unachomtumia mwenzako kinakurudia mara tatu. Watoto wa kafara hawamo. Nilisema uongo, na amri ya tisa haikuweka pembeni majirani wa dini nyingine.

TURUDI EFESO

Sasa fungua Matendo 19. Paulo anafika mji ambao biashara yake yote imesimama juu ya mungu wa kike. Artemi wa Waefeso ndiye ambaye Warumi walimwita Diana, jina lilelile lililobebwa na kaveni za Budapest. Kwa hiyo msiseme jambo hili halimo kwa Biblia. Paulo alikaa hapo zaidi ya miaka miwili, akifundisha kila siku katika darasa la Tirano. Watu wakaamini. Wale waliokuwa wakifanya mambo ya uganga wakaleta vitabu vyao wakavichoma mbele ya watu wote, na Luka, ambaye ningempenda sana kwa darasa letu la uhasibu, anatupa hesabu: fedha elfu hamsini.

Angalia nani alileta vitabu. Ni wenye vitabu. Paulo hakuvunja mlango wa mtu.

Kisha angalia mstari wa 37. Mji umechafuka, watu wamepiga kelele saa mbili, na karani wa mji anasimama kuwatuliza. Huyu si ndugu yetu. Ni mtu wa Artemi. Na ushuhuda wake juu ya wenzake Paulo ni kwamba hawa watu hawakuiba hekaluni wala hawakumtukana mungu wetu. Nilisoma mstari huo miaka mingi bila kuuona. Miaka miwili ya mahubiri yenye nguvu hadi watengeneza sanamu wakapoteza wateja, na bado mpinzani anaweza kusema mbele ya umma kwamba hawakutukana. Karani wa Uingereza angesema nini juu ya mahubiri yangu?

Msinielewe vibaya. Sijasema njia zote zinafika. Kumbukumbu la Torati 18 inakataza ramli, kupiga bao, kuwaita wafu, na haikuuliza kama unafanya kwa nia nzuri. Warumi 1 inasema juu ya kukiabudu kiumbe mahali pa Muumba, na mtu anayeuita mwezi mama na kuuombea baraka amefanya hivyo, hata akiwa jirani mwema kiasi gani. Binti yetu aliniuliza kama anaweza kuketi kwa ile duara usiku wa 31 Oktoba awataje marehemu pamoja nao, baba yake akiwemo. Nilimwambia hapana. Nilimwambia pia aende amweleze rafiki yake mwenyewe kwa nini, kwa upole, asitume ujumbe.

Lakini nikiendelea na sura hiyohiyo nakutana na wana wa Skewa, mistari ya 13 hadi 16. Hao hawakuwa wa Artemi. Walikuwa wa nyumba ya kuhani, na walichukua jina la Yesu wakalitumia kama maneno ya kuamrisha, bila kumjua mwenye jina. Walikimbia uchi, wamejeruhiwa. Na katika Matendo 8 kuna Simoni, aliyetaka kununua nguvu za Roho kwa pesa. Kiini cha uganga wowote ni hicho: nikifanya hiki na hiki, kwa mpangilio huu, nguvu italazimika kunifanyia ninachotaka. Sasa niambieni, yule anayenunua chupa ya mafuta kwa bei ya mbuzi ili mume arudi, anayepanda mbegu ya elfu tano ili visa itoke kabla ya Ijumaa, huyo amesimama upande gani wa hiyo hesabu? Mwicca wa pale Manchester hajawahi kuniuzia kitu. Nimeuziwa na watu wenye Biblia mkononi, na, Mungu anisamehe, kuna mwaka nilisaidia kupanga meza.

Kuna jambo moja la mwisho, na hili ni la hapa nyumbani. Tatizo langu kubwa katika yale mahubiri lilikuwa neno. Nilichukua neno la kwao, nikalitafsiri "wachawi," na kila mtu akaingiza picha ya kwao: mtu wa kuroga mtoto, mtu wa kukimbia usiku, mzee anayekausha mahindi ya jirani. Ni vitu viwili tofauti kabisa. Na hilo neno, wapendwa, kwetu linaua. Mei 2008, huko Kisii, watu 11 walichomwa kwa kushukiwa uchawi, wengi wao akina mama wazee. Huko Kilifi kuna wazee wenye mvi ambao hawalali kwa nyumba zao, na mara nyingi nyuma ya tuhuma kuna shamba. Sheria yetu ya uchawi, ya mwaka 1925, inafanya hata kumtuhumu mtu hovyo kuwa mchawi kuwa kosa, na bado watu wanatuhumiwa. Mhubiri akizoesha midomo ya watu kusema "mchawi" bila ushahidi kwa sababu huyo aliyesemwa yuko mbali Ulaya, midomo imeshazoea. Siku ya kumgeukia nyanya wa jirani haitakuwa na kazi kubwa.

Binti alirudi kumtembelea yule mwanamke mwezi wa pili, na mandazi. Akamwambia mambo yote, hata yale niliyosema. Yule mwanamke akauliza kama ni kweli pasta alikubali kwamba alikosea, na alipoambiwa ndiyo, akasema hajawahi kusikia hivyo, akaomba kujua zaidi kuhusu kanisa la namna gani hilo. Wamekuwa wakisoma Injili ya Marko pamoja Jumapili jioni wakitoka zamu. Hajaokoka, na sijui kama ataokoka. Mama ameomba tumweke katika maombi ya Jumatano, naye huwa anamtaja kwa jina.

Katika vikundi vya nyumbani wiki hii, someni Matendo 19 yote kwa sauti, mkibadilishana. Kisha kila mtu ataje jambo moja ambalo amewahi kulisema juu ya watu wa dini nyingine, Waislamu, Wahindu, au wale wa madhehebu ya kando, na aeleze alilisikia kwa nani. Viongozi wa vikundi mniandikie majibu, bila majina ya watu, mniletee Jumapili baada ya ibada ya kwanza.